Judy Garland: binti wa Grand Rapids na ndoa zake tano

Mapema muhula huu, katika mojawapo ya jioni zetu za mazungumzo, tulipewa sentensi moja fupi ya Kiingereza tuitie katika Kiswahili. Ilisema kwamba mwigizaji fulani wa kike aliingia katika ndoa mara tano. Wenzetu wa mwaka wa kwanza waliandika "alioa mara tano", wakacheka sana walipoambiwa kwamba wamemgeuza mwanamume. Sisi tuliokulia katika lugha tuliandika "aliolewa mara tano" bila kufikiri. Kisha mwenzetu mmoja kutoka Bukavu, ambaye kwa kawaida hasemi mengi, akauliza: "Na kama yeye ndiye aliyekuwa akilipia nyumba, chakula na madeni ya mumewe, bado aliolewa?"

Hakuna aliyejibu. Mwalimu alitabasamu tu na kusema swali hilo linafaa makala. Kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nadaiwa makala ya toleo hili, kazi ikaniangukia.

Mwigizaji wa sentensi ile alikuwa Judy Garland. Baadhi ya wanachama walinishauri nimwandike Jessica Lange badala yake, na nawaelewa. Yeye ni mzaliwa wa Cloquet, alisoma sanaa katika Chuo Kikuu cha Minnesota, na ana tuzo mbili za Oscar. Ndoa yake ya karatasi ilikuwa moja tu, na mpiga picha Paco Grande. Baadaye aliishi miaka mingi na mwandishi wa tamthilia Sam Shepard, wakalea watoto, wakakaa pia Stillwater hapa jirani na Saint Paul, bila kufunga ndoa hata siku moja. Ni maisha ya kuvutia. Lakini swali la mwenzetu wa Bukavu lilimhusu yule mwingine, naye pia ni wa Minnesota.

Grand Rapids iko kaskazini, mwendo wa zaidi ya saa tatu kwa gari kutoka Minneapolis. Ni mji mdogo wa misitu na viwanda vya karatasi, na Mto Mississippi unaupitia ukiwa bado mwembamba. Tulikwenda watu watatu, Jumamosi moja ya Oktoba, na chai ya maziwa katika chupa mbili kwa sababu hatukuamini kwamba huko tungepata ya kutosha. Nyumba aliyoishi akiwa mtoto imehifadhiwa, na kando yake kuna makumbusho yenye jina lake. Ni katika mji huu alikozaliwa Frances Ethel Gumm, tarehe 10 Juni 1922, mtoto wa tatu wa kike wa Frank na Ethel Gumm. Baba alikuwa mwimbaji aliyeendesha ukumbi wa sinema wa mji. Mama alipiga piano chini ya jukwaa wakati filamu bubu zikionyeshwa. Kwa hiyo ndoa ya kwanza ya wasanii aliyoijua Frances ilikuwa ya wazazi wake, na haikuwa na amani.

Kuna kisa kimoja ambacho wanachuo wa Minneapolis tunapaswa kukijua. Ethel alipopata mimba ya tatu, wazazi hawakuitaka. Frank alishuka Minneapolis kumtafuta rafiki yake Marcus Rabwin, kijana aliyekuwa akisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Minnesota huku akijipatia riziki katika biashara ya filamu. Alimwomba ushauri wa kuitoa. Rabwin alimwambia kwamba jambo hilo ni hatari na ni kinyume cha sheria, na kwamba mtoto akishazaliwa hawatakubali kuishi bila yeye. Frank akarudi kaskazini. Naomba msomaji amkumbuke huyu mwanafunzi Rabwin, maana atarudi.

Mtoto alipanda jukwaani akiwa na miaka miwili na nusu, siku moja baada ya Krismasi ya 1924, katika ukumbi wa baba yake, akaimba wimbo mmoja wa Krismasi mara nyingi mfululizo hadi wakambeba kumtoa. Watu wa Grand Rapids husimulia kisa hicho kwa furaha. Mimi kilinitia wasiwasi kidogo. Mtoto wa umri huo nyumbani kwetu angeitwa aje kuamkia wageni, aimbe kidogo, kisha aende kulala. Huyu hakwenda kulala. Mwaka 1926 familia ilihamia California, na mama akaanza kuwazungusha mabinti zake watatu kutoka ukumbi hadi ukumbi, kwa jina la Gumm Sisters.

Jina halikupendeza. Kiingereza kinalifanya lisikike kama ufizi au ulimbo. Mwaka 1934, walipokuwa wakiimba Chicago, mchekeshaji George Jessel aliwashauri wachukue jina la Garland. Muda mfupi baadaye Frances akajichagulia la kwanza, Judy, kutokana na wimbo uliokuwa ukipendwa wakati huo. Nalitaja hili kwa makusudi: majina yote mawili yalitoka katika kazi, moja kwa mchekeshaji na lingine kwa wimbo. Nyumbani wazazi walikuwa wakimwita Baby.

Septemba 1935 studio ya Metro-Goldwyn-Mayer ilimwandikia mkataba wa dola 100 kwa wiki. Alikuwa na miaka 13, kwa hiyo mamlaka ya kutia saini na kushika pesa yalikuwa mikononi mwa wakubwa wake. Miezi miwili baadaye baba yake alishikwa na homa ya uti wa mgongo. Usiku wa tarehe 16 Novemba Judy alikuwa aimbe redioni. Daktari aliyekuwa akimhudumia Frank hospitalini Los Angeles alimpigia simu kumwambia kwamba redio imewekwa kando ya kitanda cha baba yake, na kwamba baba atamsikiliza. Daktari huyo alikuwa Marcus Rabwin, yule mwanafunzi wetu wa Minneapolis. Judy aliimba. Kesho yake Frank alifariki.

Miaka minne baadaye, tarehe ile ile ya 17 Novemba, Ethel aliolewa na mume mwingine. Judy hakumsamehe mama yake kwa kuchagua siku hiyo. Waliokuwa wakinisikiliza nikisoma rasimu hii klabuni walisema eda ilikuwa imekwisha zamani, na ni kweli. Lakini siku zilikuwa 365 katika mwaka.

Kuhusu The Wizard of Oz, filamu ya 1939, sitasema mengi kwa kuwa kila mtu ameiona, hata wale wanaosema hawajaiona. Alikuwa na miaka 16 alipoigiza nafasi ya Dorothy. Alilipwa dola 500 kwa wiki. Ray Bolger na Jack Haley, walioigiza mtu wa majani makavu na mtu wa bati, walilipwa 3,000 kila mmoja. Studio ilimwekea masharti ya chakula, mara nyingi supu ya kuku, kwa kuwa bosi Louis B. Mayer na watu wake waliona amenenepa. Alipewa vidonge vya kumchangamsha ili afanye kazi na kupunguza uzito, na vingine vya kumlaza usiku. Wakati huo madaktari waliviandika kama tunavyoandikiwa dawa za mafua. Mwili wake haukuweza tena kuviacha.

Hapo ndipo zinapoanza ndoa.

Wa kwanza alikuwa David Rose, mtunzi na mwongozaji wa muziki, mwanamume mpole aliyependa kujenga reli ndogo za kuchezea katika bustani yake. Julai 1941 walikwenda Las Vegas wakaoana usiku. Bibi harusi alikuwa na miaka 19, bwana harusi 31. Judy aliomba siku chache za mapumziko. Studio ilikataa, na alirudi kwenye kamera mara moja. Alipopata mimba, wanasimulia waandishi wa maisha yake, mama na studio walimshinikiza aitoe kwa sababu taswira ya msichana wa shule isingeweza kubeba tumbo. Mumewe hakupinga. Mwaka 1943 wakatengana, na 1944 talaka ikatoka. (Kwa faida ya wapenzi wa televisheni za zamani: Rose ndiye baadaye alitunga muziki wa Little House on the Prairie, ile tamthilia ya familia ya shamba iliyowekwa Walnut Grove, Minnesota. Mtu aliyeshindwa kuwa baba wakati ule alilitungia taifa zima muziki wa baba mwema.)

Wa pili ni Vincente Minnelli, na hapa nitakaa kidogo. Walikaribiana kazini, yeye akiongoza Meet Me in St. Louis na Judy akiigiza bila hamu, kwa sababu alikuwa amechoka kuigiza wasichana wadogo. Kisha akaona picha zilizokuwa zikitoka. Minnelli alikuwa mwanamume wa kwanza katika studio ile kumpiga picha kama mwanamke mzuri. Ukikaa gizani ukaitazama filamu ile leo, unaona kabisa kwamba kamera inampenda, na nyuma ya kamera alikuwa yeye.

Walioana tarehe 15 Juni 1945 nyumbani kwa mama yake Judy. Na nani alisimama kumtoa bibi harusi? Louis B. Mayer. Kwa lugha yetu, mwajiri wake ndiye aliyekuwa walii. Nilipolisoma hilo klabuni, mama mmoja wa Lamu ambaye huja na binti yake kwenye mikutano yetu alishika kifua akasema, "Basi hapo ndoa ilikuwa ya studio." Sina namna bora ya kulisema.

Fungate yao ilikuwa New York. Minnelli alisimulia katika kitabu cha maisha yake kwamba siku moja walipokuwa wakitembea kando ya mto, Judy alimwomba amshike mkono, akatupa chupa ya vidonge majini, akaahidi kwamba basi. Machi 1946 alizaliwa binti yao Liza. Lakini walirudi kazini, na kazi ilikuwa ile ile. Mwaka 1947, wakitengeneza The Pirate, mume akiongoza na mke akiigiza, Judy alivunjika. Alilazwa katika hospitali ya maradhi ya akili, akatoka, akapangiwa filamu nyingine, Easter Parade, mumewe akiongoza tena. Daktari wake wa akili akashauri kwamba mwongozaji abadilishwe, kwa kuwa haimfai mgonjwa kuamriwa na mumewe studioni mchana kutwa. Ushauri ule ulipelekwa studio, na ni studio iliyomwambia Minnelli. Mkewe hakumwambia. Wakarudi nyumbani kwa gari jioni ile, wakala chakula, na hakuna aliyelitaja jambo lenyewe.

Nimeifikiria jioni ile mara nyingi kuliko tuzo zake zote. Ndoa nyingi za watu wanaofanya kazi pamoja zina jioni ya aina hiyo, hata zisizo za Hollywood. Babu na bibi yangu waliuza duka moja kwa miaka 30, na najua kulikuwa na majuma waliyozungumza kupitia kwa mteja.

Filamu zilizofuata zilimwondokea moja baada ya nyingine kwa kuchelewa na kuugua. Alitolewa katika Annie Get Your Gun mwaka 1949 na katika Royal Wedding mwaka 1950. Juni mwaka huo alijikata shingoni, si kwa kina, na magazeti yakaandika kwa herufi kubwa. Septemba studio ikamwachia. Alikuwa na miaka 28, na alikuwa amewafanyia kazi miaka 15. Mwaka 1951 yeye na Minnelli wakaachana.

Sid Luft, wa tatu, alikuwa mtu wa aina nyingine: mwenye mabega, mpiga ngumi, mcheza kamari wa farasi, mtayarishaji wa filamu ndogondogo, ambaye tayari alikuwa amemwoa na kuachana na mwigizaji mwingine. Wapenzi wa Judy humlaumu Luft kwa kila kitu. Mimi nadhani tumtendee haki, angalau kwa miaka ile ya mwanzo. Wakati Hollywood ilisema amekwisha, ni Luft aliyemsukuma arudi jukwaani mbele ya watu hai. Mwaka 1951 aliimba London Palladium, kisha katika ukumbi wa Palace, New York, wiki 19 mfululizo, na mwaka 1952 akapewa tuzo maalumu ya Tony. Juni 1952 wakaoana katika shamba moja huko Hollister, California. Lorna alizaliwa Novemba mwaka huo, na Joey mwaka 1955.

Pia ni Luft aliyeanzisha naye kampuni ya kutengeneza A Star Is Born, na kama wewe mwanachama huna muda wa kuona filamu zake zote, ona hii. Ni hadithi ya ndoa ya wasanii. Msichana mwimbaji anaitwa Esther Blodgett. Studio inambatiza Vicki Lester, na yeye mwenyewe anapata habari za jina lake jipya dirishani, anapokwenda kuchukua mshahara. Anaolewa na Norman Maine, nyota mlevi anayezama huku mkewe akipanda. Mwishoni, mume akiwa ameshakufa baharini, anasimama mbele ya hadhara iliyomzoea kwa jina la studio na kujitambulisha kwa jina la mumewe, kama Bibi Norman Maine. Ukumbi mzima unasimama kumshangilia.

Watazamaji wengi hulia hapo. Mara ya kwanza nilipoiona nililia pia. Mara ya pili nilijiuliza Esther amekwenda wapi. Mwigizaji aliyekuwa akitamka maneno yale aliitwa Frances Gumm, kisha Judy Garland, kisha Bibi Rose, Bibi Minnelli, Bibi Luft. Sidhani kama kuna mwigizaji mwingine aliyekuwa na haki zaidi ya kupewa nafasi ile, wala aliyehitaji zaidi kuepushwa nayo.

Filamu ilizinduliwa Septemba 1954 ikiwa na urefu wa dakika 181. Warner Brothers, waliokuwa wakiisambaza, waliikata karibu nusu saa ili kumbi zionyeshe mara nyingi zaidi kwa siku. Iliingiza kidogo kuliko ilivyogharimu. Machi 1955, siku ya Oscar, Judy alikuwa hospitalini, Joey akiwa na siku moja tu duniani. Watu wa televisheni walikuja na kamera na nyaya chumbani kwake, tayari kumwonyesha akipokea. Tuzo ikaenda kwa Grace Kelly. Wale mafundi wakakunja nyaya zao wakaondoka, na mama mzazi akabaki na mtoto.

Sasa nirudi kwa swali la Bukavu. Katika nyumba ya Luft, chanzo cha pesa kilikuwa koo la mke. Akiimba, kulikuwa na chakula na kulikuwa na farasi wa kupigia kamari. Akinyamaza, wadai waligonga mlango. Kwa Kiswahili cha mitaani Dar es Salaam mwanamume anayeishi hivyo huitwa marioo, na katika mitaa mingi ya Afrika Mashariki watu husema kwa kejeli kwamba "ameolewa". Ajabu ni kwamba lugha yetu inajua kabisa kwamba kitenzi hiki kinahusu nguvu na pesa. Inapotaka kumtukana mwanamume humhamishia upande wa kutendwa. Lakini mwanamke akihamia upande wa kutenda, hatuna hata tusi. Hatuna neno lolote. Kilichopo ni "wameoana", kauli ya kutendana, ambayo ni ya adabu lakini haisemi nani alilipa.

Msomaji anayedhani haya ni mambo ya Wamarekani tu amkumbuke Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, akaitwa Mtumwa, akaolewa na kuachika, akaingia mjini mwaka 1911 akiwa hana kitu ila sauti. Jina la Siti alipewa na watu baada ya kumsikia. Mwaka 1928 alivuka bahari kwenda Bombay kurekodi santuri, na Shaaban Robert akaja kumwandikia wasifu. Jina la mumewe wa kwanza wangapi wetu tunalijua? Kwa Siti historia imefanya kinyume: imehifadhi sauti na kuwasahau waume. Kwa Judy, mtu akilitaja jina lake katika mazungumzo, wa pili kuzungumza atasema idadi ya ndoa.

Na ndoa hizo hazikuwa zimekwisha, ingawa hizi mbili za mwisho nitazipita haraka kama alivyozipita mwenyewe. Kati yake na Luft kulikuwa na kutengana na kurudiana mara nyingi. Katika kipindi hicho alifanya jambo lake kubwa kuliko yote: tarehe 23 Aprili 1961, Carnegie Hall, New York, usiku mmoja, mwanamke mmoja na okestra. Rekodi ya usiku ule ilishika namba moja kwa wiki 13 na kumfanya mwanamke wa kwanza kushinda Grammy ya albamu bora ya mwaka. Isikilize kwa spika nzuri. Unasikia watu wakikimbilia jukwaa. Mwaka 1963 CBS walimpa kipindi cha televisheni, wakakipanga Jumapili usiku kushindana na Bonanza, na baada ya vipindi 26 kikafungwa. Kodi ya serikali aliyodaiwa ilikuwa imekua kuliko alivyoweza kulipa. Wengine walikuwa wameshika vitabu vyake vya hesabu tangu akiwa na miaka 13, na waliovishika vibaya hawakuwa waume peke yao.

Mwaka 1965 aliachana na Luft baada ya kumshtaki mahakamani kwa kipigo na ulevi. Yeye ndiye aliyeomba talaka, jambo ambalo wanafunzi wetu wa fikihi wangeliona karibu na khului. Novemba mwaka huo aliolewa na Mark Herron, mwigizaji kijana. Walikaa pamoja miezi michache tu. Machi 1969, katika ofisi ya msajili wa ndoa huko Chelsea, London, aliolewa na Mickey Deans, aliyekuwa meneja wa klabu ya usiku New York. Kabla ya hapo, mwanzoni mwa mwaka, alikuwa akiimba London katika ukumbi wa Talk of the Town. Alichelewa kufika, na baadhi ya wateja walimrushia vipande vya mkate.

Tarehe 22 Juni 1969 Deans alimkuta amefariki katika nyumba waliyopanga London. Alikuwa ametimiza miaka 47 siku 12 kabla. Mchunguzi wa vifo alisema ni ajali, dawa za usingizi zilizozidi kipimo bila kukusudia. Mwili ulipelekwa New York, na watu wapatao 20,000 walipanga foleni mtaani kumwaga. Alizikwa Hartsdale, nje kidogo ya jiji hilo. Mwaka 2017 watoto wake watatu walimhamishia Los Angeles, wawe naye karibu.

Viatu vyake vina historia yao, nayo inaturudisha Minneapolis. Vile vyekundu vya Dorothy vilitengenezwa jozi kadhaa, na moja ilikuwa imeazimwa kwa makumbusho ya Grand Rapids na mwenyewe aliyezinunua. Usiku mmoja wa Agosti 2005 mtu alivunja mlango na kioo kwa nyundo akaondoka nazo. Kwa miaka 13 watu wa Grand Rapids walishukiana. Wengine walipekua hadi mashimo ya machimbo yaliyojaa maji. Julai 2018 polisi wa upelelezi wa FBI walizipata hapa hapa Minneapolis, kwa mtego, na Septemba wakaita waandishi wa habari kuzionyesha zikiwa juu ya meza.

Mwizi alikuja kukiri mwaka 2023, akiwa mzee, mgonjwa wa kutumia mashine ya oksijeni. Alikuwa amedhani vimepambwa kwa yakuti nyekundu za kweli. Aliyetakiwa kununua alimwambia ni vioo tu na viduara vya kung'aa vilivyoshonewa kitambaa, naye akaviachia. Filamu yenyewe, alisema wakili wake, hakuwahi kuiona.

Desemba 2024 jozi ile ilipigwa mnada Dallas. Serikali ya jimbo la Minnesota ilikuwa imetenga dola 100,000 kuwasaidia watu wa makumbusho wajaribu kuirudisha nyumbani. Bei ilifika dola milioni 28, na pamoja na ada ikawa milioni 32 na nusu. Siku tulipokwenda, mzee mmoja aliyejitolea kutuzungusha alituonyesha mahali kabati lao lilipokuwa limesimama, kisha akatupeleka chumbani kuona kitanda cha watoto. Kilikuwa kidogo sana. Mwenzetu wa Bukavu, maana naye alikuwepo, alimuuliza kama wanayo picha yoyote ya harusi. Mzee alifikiri, akasema zipo, nyingi, angelazimika kuzitafuta. Kisha akauliza tulitaka kuona ya harusi ipi.